Kutu ni nini hasa? Neno moja kwenye msumari, kwenye jani la kahawa na kwenye kompyuta

Dhahabu haishiki kutu. Barakoa ya Tutankhamun ilikaa kaburini zaidi ya miaka 3,000 ikatoka iking'aa, na chembe ya dhahabu ya Geita ukiitumbukiza katika maji ya bahari mwaka mzima utaitoa kama ilivyoingia. Hata hivyo, Waraka wa Yakobo katika Biblia ya Kiswahili (5:3) unawaambia matajiri kwamba dhahabu yao na fedha yao zimeingia kutu, na kwamba kutu hiyo itakula miili yao kama moto. Sonara akifika hapo lazima asite kidogo.

Mfasiri hakukosea. Kigiriki cha mstari huo kimetumia neno ios, ambalo maana yake ni sumu, hasa ya nyoka, na pia ule ukoko unaotanda juu ya madini yanapoharibika. Katika Mathayo 6:19, penye maneno maarufu ya "nondo na kutu", Kigiriki hakikutaja kutu waziwazi. Kimesema brosis, yaani ulaji. Wafasiri wa lugha nyingi wakajiuliza ni kitu gani kinachokula hazina za watu, wakajibu: kutu. (Nondo wa mstari huo ni yule mdudu anayetoboa nguo. Kijana aliyekulia kwenye maeneo ya ujenzi anaweza kudhani ni nondo za zege, na kwa bahati maana yake haiharibiki sana, kwa kuwa nondo za zege nazo huliwa na kutu.)

Qur'ani nayo ina mahali pake. Katika Sura 83, aya ya 14, Kiarabu kinatumia kitenzi rana kueleza jinsi maovu yanavyotanda juu ya nyoyo, na tafsiri za Kiswahili zimesema yametia kutu juu ya nyoyo. Moyo si chuma, lakini msikilizaji wa Kiswahili anaelewa papo hapo.

Anaelewa kwa sababu katika Kiswahili kutu ni kitu chenye tabia, na tabia hiyo iko kwenye vitenzi vyake. Kutu huingia: panga limeingia kutu. Kutu hushika, au chuma ndicho kinachoshika kutu. Zote mbili husemwa. Kutu hula: bomba limeliwa na kutu. Kwa njia hiyohiyo tunasema Kiarabu cha fulani kimeingia kutu tangu arudi kutoka Muscat, au magoti yameshika kutu. Hakuna rangi katika picha hii. Kiswahili kinamwona mgeni aliyeingia kimya na kuanza kula.

Neno lenyewe ni la ngeli ya i-/zi- na kwa kawaida halina wingi: kutu imeingia, kutu hii, kutu nyingi. Halikutokana na sadaa, jina la kutu kwa Kiarabu, ingawa majina mengi ya madini tunayotumia yalitoka huko: dhahabu, fedha, risasi, zebaki. Chuma ni neno la Kibantu, ndugu wa ekyuma la Kiganda na icyuma la Kinyarwanda. Wakutu wa Morogoro ni jina la watu, halihusiani na habari hii. Na anayetafuta "kutu" mtandaoni asishangae kuletewa picha za chawa: kwa Kimalei na Kiindonesia kutu ni chawa, na mtu asiyebanduka vitabuni huitwa kutu buku.

Kutu ya chuma, na vinavyodhaniwa kuwa kutu

Kwa maana ya kikemia, kutu ni ya chuma na aloi zake tu. Ni oksaidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, iliyobeba maji ndani yake. Ili itokee, vitu vitatu lazima vikutane: chuma, maji na oksijeni. Ndiyo maana ya lile jaribio la shule la misumari mitatu. Msumari wa kwanza unawekwa kwenye maji ya kawaida. Wa pili unawekwa kwenye maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, kisha yakafunikwa kwa mafuta. Wa tatu unawekwa kwenye hewa iliyokaushwa. Ni wa kwanza tu unaoshika kutu.

Kinachoelezwa mara chache ni kwamba chuma hakiliki pale kutu inapoonekana. Chukua tone moja la maji juu ya bamba safi. Ukingoni mwa tone, maji ni membamba na oksijeni ya hewani inafika kwa urahisi. Katikati, oksijeni ni haba. Tofauti hiyo inaligeuza tone kuwa betri ndogo: katikati chuma kinayeyuka na kuachia elektroni, elektroni zinasafiri ndani ya bamba hadi ukingoni, na huko oksijeni na maji vinazipokea. Chuma kilichoyeyuka kinapokutana na mazao ya ukingoni, kutu inaota kama pete katikati ya njia. Ukiifuta pete, utakuta shimo liko chini ya kitovu cha tone. Kwa hiyo tangi linaweza kuwa na madoa machache tu juu, na bado likawa limetoboka.

Chumvi haitengenezi kutu, ila inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi na inavunja utando mwembamba unaojaribu kukikinga chuma. Mabati ya nyumba ya Mombasa, Tanga au Unguja iliyo karibu na ufuo hayawezi kulinganishwa na ya Dodoma, hata yakitoka kiwanda kimoja siku moja.

Shaba iliyoachwa nje hufanya ukoko wa kijani. Watu huuita kutu ya shaba, lakini ni chumvi za shaba tu. Fedha hupiga weusi kwa salfa iliyo hewani. Alumini hujifunika kwa oksaidi yake yenyewe, nyembamba na ngumu, ikaishia hapo, kwa hiyo sufuria ya alumini haitoboki kama debe. Hapo ndipo ubaya wa kutu ya chuma ulipo: haishikamani. Ni ya unga, ina vinyweleo, inashika unyevu kama sifongo na inabanduka kwa magamba, kisha chuma kipya kinabaki wazi kuliwa. Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, kinaokolewa na kromiamu. Ikiwa angalau asilimia 10.5 ya uzito wake, inatandaza utando unaojiziba wenyewe ukikwaruzwa.

Kutu pia inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa kawaida kati ya mara mbili na sita. Hilo ndilo linalopasua nguzo za zege. Zege jipya lina alkali kali, na ndani yake nondo hujifunika utando unaozuia kutu. Utando huo hupotea kwa njia mbili: kabonidayoksaidi ya hewa ikipenya taratibu na kupunguza alkali, au chumvi ikiingia. Fundi aliyechanganya zege kwa mchanga wa baharini usiooshwa au kwa maji ya bahari ameiingiza chumvi siku ya kwanza. Aliyelaza nondo chini bila vile vipande vidogo vya kuziinua, ambavyo mafundi huviita biskuti, ameacha zege jembamba mno upande wa nje. Baada ya miaka kadhaa unaona ufa ulionyooka ukifuata mstari wa nondo, kisha doa la hudhurungi, kisha zege linadondoka. Kuziba ufa huo kwa saruji na kupaka rangi ni kuificha tu, maana kutu inaendelea kutanuka ndani. Inabidi zege lichimbwe mpaka nyuma ya nondo, nondo isuguliwe hadi ing'ae, ndipo pajazwe upya.

Mabati yana hadithi yake. Yamepakwa zinki, na zinki inalika kwanza kwa niaba ya chuma, hata pale palipokwaruzwa kidogo. Yakipangwa stoo yakiwa na maji katikati, hutoa unga mweupe ambao wauzaji huuita kutu nyeupe. Si kutu ya chuma, ni zinki inayolika kwa kukosa hewa ya kuukausha uso wake. Yatenganishwe, yakaushwe na kusimamishwa kwa mshazari, yapate kupumua.

Kuhusu kupaka rangi, kosa la kawaida ni kupaka juu ya kutu. Kutu imeshika maji na chumvi, na rangi inakuja kuyafungia ndani. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa mpaka chuma king'ae, kisha kitambaa chenye kiyeyushio cha rangi kuondoa mafuta, kisha rangi ya kwanza siku hiyohiyo. Vifaa vidogo, kama bisibisi au kufuli, vinaweza kulowekwa kwenye siki usiku kucha. Visuguliwe, visafishwe kwa maji yenye kijiko cha magadi, vikaushwe kwa moto au jua kali na kupakwa mafuta papo hapo, la sivyo vitageuka rangi tena kabla ya jioni.

Sasa tazama ile rangi ya kwanza, nyekundu ya matofali, ambayo mafundi wa milango na mageti huiita redi oksaidi. Unga unaoipa wekundu wake ni oksaidi ya chuma, jamaa wa karibu kabisa wa kutu. Fundi anakinga chuma na kutu kwa kukipaka kitu cha ukoo wa kutu. Hakuna ajabu: oksaidi hiyo imeshafika mwisho wa safari yake, haina tena cha kuchukua kutoka kwenye chuma, nayo imefungwa ndani ya mafuta au gundi inayozuia maji. Ukoo huohuo ndio uliomo kwenye ngeu, udongo mwekundu ambao maseremala wa pwani waliutumia kupigia mistari kwenye mbao, na kwenye udongo mwekundu wa Kikuyuni na Kilimanjaro. Na ndio unaoipa sayari ya Mirihi sura yake.

Jambo moja la hatari tulimalize hapa: kutu haileti pepopunda. Pepopunda huletwa na bakteria, Clostridium tetani, wanaoishi kwenye udongo na samadi. Msumari wenye kutu umepata sifa mbaya kwa sababu kwa kawaida umelala chini kwenye uchafu, na unachoma kidonda chembamba na kirefu kisichofikiwa na hewa, mahali bakteria hao wanapopapenda. Msumari unaong'aa uliookotwa zizini una hatari ileile, na mwiba pia. Kidonda cha namna hiyo kinataka kuoshwa na mtu kuulizia chanjo yake, bila kujali rangi ya kilichomchoma.

Wazungu waliona wekundu

Kwa Kiingereza kutu ni rust, na hapo picha inabadilika. Neno hilo ni la kale, lilikuwa rūst katika Kiingereza cha zamani, na lina ndugu zake Rost la Kijerumani na roest la Kiholanzi. Wanaisimu wanalirudisha kwenye mzizi wa kale wa lugha za Ulaya uliomaanisha wekundu, mzizi uleule uliozaa red, jina la Kiingereza la rangi nyekundu, na robigo la Kilatini. Kutoka robigo Wafaransa wakapata rouille, ambalo leo ni kutu na pia ni mchuzi mzito wenye kitunguu saumu na pilipili unaoliwa kusini mwa Ufaransa pamoja na supu ya samaki. Mchuzi huo umeitwa kutu kwa rangi yake tu. Mpishi wa Kiswahili asingethubutu.

Wenye kuita kitu kwa rangi huweza kulihamisha jina hilo kwenye chochote chenye rangi hiyo. Warumi walifanya hivyo mapema. Robigo ilikuwa kutu ya chuma, na ilikuwa pia ule ugonjwa unaojaza mashina ya ngano vumbi jekundu. Kila tarehe 25 Aprili walifanya sikukuu ya Robigalia na kumchinja mbwa ili ngano isalimike. Mshairi Ovidius, katika shairi lake la sikukuu za Kirumi, anamwonyesha kuhani akiiomba robigo iache mimea michanga na ikumbatie chuma kigumu badala yake, yaani ikale panga na mikuki. Ombi hilo lina ladha katika lugha inayotumia neno moja kwa vyote viwili, na kwa bahati Kiswahili leo kinaweza kulisema bila kupoteza kitu.

Kinaweza kwa sababu kilikopa maana hiyo. Wataalamu wa kilimo waliposema kutu ya ngano, kutu ya maharage na kutu ya majani ya kahawa, walifuata njia ya rangi ya Wazungu. Lakini mkulima anayesikia kwa masikio ya Kiswahili anaweza kudhani jani limeingiwa na kitu cha chuma, au kwamba ni maji ya kisima yenye kutu. Sivyo. Hizi ni kuvu za kundi liitwalo Pucciniales, zenye maelfu ya spishi, na kila moja huwa na mimea yake maalumu. Kutu ya maharage haiendi kwenye kahawa, na ya kahawa haiendi kwenye mahindi.

Ya kahawa inaitwa Hemileia vastatrix. Jina la kwanza linasema "nusu laini", kwa sababu spora yake, ile chembe ndogo ambayo kuvu huzalia, ni laini upande mmoja na ina miiba upande mwingine. La pili maana yake ni mharibifu. Ilielezwa kisayansi mwaka 1869 kutokana na majani ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, na ndani ya miongo michache ilikiangusha kilimo cha kahawa cha kisiwa kile; mashamba yakageuzwa kuwa ya chai. Mwaka 1970 ilionekana Brazili. Afrika Mashariki inaijua muda mrefu, na aina za Kenya kama Ruiru 11 na Batian zilizalishwa zikiwa na kinga dhidi yake na dhidi ya chulebuni, ugonjwa mwingine wa kahawa.

Dalili yake ni rahisi: geuza jani. Juu kuna doa la manjano lisilo na ukingo mkali, chini yake kuna unga wa rangi ya machungwa unaobaki kidoleni. Spora zinahitaji maji juu ya jani ili ziote, na zinapenda joto la nyuzi 21 hadi 25. Zinaingia kupitia vinyweleo vya jani, ambavyo kwenye mkahawa viko upande wa chini. Kwa hiyo anayepulizia dawa kwa juu tu ametia dawa mahali pasipo na mlango.

Dawa ya kale ni mrututu, yaani chumvi ya shaba ya rangi ya bluu, na chokaa. Kwa pampu ya lita 20: gramu 200 za mrututu, gramu 200 za chokaa iliyozimwa. Kila kimoja kiyeyushwe peke yake kwenye ndoo ya plastiki, kisha maji ya mrututu yamiminwe ndani ya maji ya chokaa huku ukikoroga, uchuje na kujaza maji mpaka lita 20. Usitumie ndoo ya bati. Kabla ya kupulizia, chovya kisu safi cha chuma kwa dakika moja. Kikitoka na utando mwekundu, chokaa haijatosha na mchanganyiko utaunguza majani. Ongeza kidogo, upime tena. Wekundu huo nao si kutu, ni shaba yenyewe iliyotoka kwenye mrututu ikatua juu ya chuma. Itumie siku hiyohiyo, na uipulizie kabla ya mvua kushika. Dawa hii inazuia spora isiote, haiponyi jani lililokwisha kuingiliwa. Vaa glavu na barakoa, hasa wakati wa kupima mrututu.

Jina la rangi lina hasara yake pia. Kwenye chai, na wakati mwingine kwenye maembe, kuna ugonjwa uitwao kutu nyekundu, lakini kinachousababisha ni mwani, Cephaleuros, mmea mdogo wa jamii ya kijani. Kwenye kabichi na haradali kuna kutu nyeupe, nayo inatoka kwa Albugo, kiumbe ambaye si kuvu kabisa. Dawa iliyotengenezwa kwa Pucciniales pekee inaweza isifanye kitu kwa hao. Muuza dawa aonyeshwe jani, asiambiwe jina tu.

Ya ngano ziko tatu: ya shina, ya jani na ya michirizi ya manjano. Ile ya shina, Puccinia graminis, ndiyo iliyowatisha wataalamu ilipoonekana Uganda mwaka 1998 katika aina iliyokuja kuitwa Ug99, ambayo iliivunja jeni ya kinga iliyokuwa imeenea kwenye ngano za dunia. Kazi ya kuzipima mbegu dhidi yake imefanyika kwa sehemu kubwa Njoro, Kenya. Maisha ya kuvu hii ni ya kustaajabisha: inapitia aina tano za spora na mimea miwili tofauti, ngano na kichaka cha bariberi, na inaweza kuruka hatua zinazomhitaji bariberi ikaendelea kuzaliana kwenye ngano peke yake.

Uvumilivu huo ndio uliomvutia Graydon Hoare, mtaalamu wa kompyuta wa Kanada, alipoanza mwaka 2006 kuunda lugha ya programu akiwa mfanyakazi wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Ameeleza kwamba jina Rust alilitoa kwenye kuvu hizi, viumbe vilivyoundwa kupita kiasi kwa ajili ya kunusurika. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 15 Mei 2015. Sifa yake kuu ni jinsi inavyosimamia kumbukumbu ya kompyuta: kila thamani, yaani kila kipande cha data, ina mwenyewe mmoja, inaweza kuazimwa na wasomaji wengi kwa wakati mmoja, au na mwandishi mmoja pekee, kamwe si wote kwa pamoja. Kanuni hiyo inakaguliwa programu inapotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kabla haijaendeshwa, na makosa mengi ya usalama hufia hapo.

Kwa Kiswahili iachwe Rust, kama tunavyomwita Shakespeare kwa jina lake. Ila isidhaniwe kwamba kila Rust kwenye ramani ni kutu. Rustenburg ya Afrika Kusini haina uhusiano na kutu: kwa Kiholanzi rust ni pumziko, na kutu ni roest. Wajerumani wenyewe wameyachezea maneno haya kwa methali, Wer rastet, der rostet: apumzikaye hushika kutu. Na Rustenburg, mji wa mapumziko, umekaa juu ya machimbo ya platini, madini mengine yasiyoshika kutu.

Watumiaji wa lugha ya Hoare nao hawakudumu na kuvu yake. Nembo waliyoichukua ni gurudumu la meno la mnyororo wa baiskeli lenye herufi R katikati, na kaa wa baharini wa rangi ya machungwa wanayemtumia kama alama yao anaitwa Ferris, jina linalochezea neno la Kiingereza lenye maana ya "-a chuma".